Vioo Viwili, Mtaa wa Pasua

Kibo nilimnunua dukani, kwa risiti na dhamana.
Mawenzi nilimtoa Kiborloni, siku ya gulio,
chini ya rundo la makoti ya theluji
na pasi zisizo na waya.
Muuzaji aliapa kwa kaburi la shangazi yake: kinawaka, kaka.
Kweli, kiliwaka. Kona moja ina ufa,
ndipo lilipotoka jina.

Usiku, steshenari ikishafungwa,
mashine ya fotokopi ikipoa na kunuka wino,
Aikande anavuta stuli.
"Baba, leo tunacheza au tunatengeneza?"
Swali la haki. Wiki ya tatu sasa tunatengeneza.

Gemu linafunguka katikati, penye mshono:
golikipa nusu yuko kwa Kibo, nusu kwa Mawenzi,
mkono huu unadaka, mkono ule umechelewa,
maana mmoja anapepesa mara mia na arobaini na nne kwa sekunde
na mwenzake sitini, tena kwa kubembelezwa.
Pasua imempasua kipa wetu.

Nikaandika amri. Nikafuta amri.
Nikaondoa draiva ya bure, nikaweka ya kampuni;
kompyuta ikaniamkia na weusi mtupu
na kistari kimoja kinachokonyeza,
kama karani anayejua faili lako liliko
na hasemi.
Nikarudisha kerneli ya zamani. Nikaomba radhi, kwa sauti.
Saa nne kasorobo umeme ukakatika.
Uliporudi, Mawenzi ndiye mkubwa, Kibo ndiye msaidizi,
na saa imehamia penye ufa.

Bibi yangu wa Mbokomu alisimulia
kwamba Mawenzi alizoea kuzimikiwa moto,
kila siku hodi kwa Kibo, naomba kaa,
mpaka Kibo akachukua mchi, akamtwanga kichwa.
Utotoni sikuwa upande wa Kibo.
Usiku ule nilimwelewa.

Lakini kilichonishinda hasa ni kishale.
Nakisukuma kushoto kiende kwa Mawenzi, kinagonga.
Nakisukuma kulia, kwenye ukuta wa kweli,
chokaa na kalenda ya SACCOS,
kinapita, kinapotea, kinatokezea kushoto kabisa
kama mtu aliyetoka kwa mlango wa uani
akarudi kwa wa mbele akibisha hodi.

Aikande hakugusa kibodi.
Alikuwa anatafuna ndizi ya kuchoma, anatazama meza.
Si skrini. Meza.
"Baba, umeupanga mlima kama wanavyouona watu wa Loitokitoki."
"Nini?"
"Sisi tukitoka nje, Kibo yuko kushoto, Mawenzi kulia.
Wewe umemgeuza. Kompyuta inakaa Moshi. Inajua."

Nilimweka kushoto kwa sababu ya soketi, basi.
Tukazima. Tukabadilisha. Waya haukufika;
tukasogeza meza, chini yake tukakuta
peni saba, shilingi mia mbili
na mjusi aliyekauka.
Kishale kikavuka mpaka bila pasipoti.

Gemu likatulia kwa Kibo, golikipa akawa mzima.
Kumbe ana sura mbaya.
Aikande akanifunga sita bila,
la sita kwa mkono mmoja, mwingine una ndizi.

Sijasema yameisha. Kompyuta ikilala, Kibo huamka;
Mawenzi haamki mpaka nimpige kofi dogo ubavuni,
na sijui ni waya, ni draiva,
au ni kinyongo cha zamani.

Asubuhi nafungua duka kabla ya mawingu.
Wale wa kweli wako kule juu, wote wawili wamewaka.
Mteja wa kwanza anataka picha nne za pasipoti.
Namwambia akae, atazame mbele,
na kwa mazoea tu, bila kugeuka,
nampiga Mawenzi kofi.